Mzee Ngazi na Faili la Mablanketi

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya utumishi katika Idara ya Ushuru na Biashara ya Nje, anastaafu mwenzetu ambaye barua za serikali humwita Mkurugenzi Msaidizi na sisi wengine wote, kuanzia katibu mkuu hadi mlinzi wa geti, humwita Mzee Ngazi. Saa tisa na nusu alasiri ametia saini makabidhiano: funguo mbili, kabati moja la chuma, kikokotoo ambacho kitufe cha saba hakijafanya kazi tangu tuhamie ghorofa ya tatu, na penseli kumi na moja. Programu hii imegawiwa saa kumi kamili. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo, na sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza.

Aliingia kazini akiwa karani wa masijala, katika chumba kile cha chini chenye dirisha moja na harufu ya gundi. Urefu wake mnauona wenyewe. Rafu za masijala zilijengwa kwa ajili ya watu warefu, kwa hiyo siku ya kwanza alikabidhiwa kalamu, daftari la mahudhurio na ngazi ya mbao yenye vidato vitano. Wengi mnadhani jina lake lilitoka hapo. Halikutoka hapo, ingawa yeye hawakatazi wanaosema hivyo, kwa maana, anasema, hadithi fupi inamfaa mtu mfupi.

Kabla ya kazi kulikuwa na kaka. Baba yao alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na kaka yake mkubwa akaacha shule ili mdogo wake asiache. Alikwenda kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mablanketi kilichokuwa ng'ambo ya reli, akamsomesha mdogo wake mpaka mwisho. Kila Desemba kiwanda kilimpa kila mfanyakazi blanketi moja la mistari ya kahawia, na mama yao alikuwa akiyapanga juu ya kabati kama vyeti. Mzee Ngazi huwa anasema kwamba yeye amesomeshwa na mashine namba sita, ile aliyokuwa akiitunza kaka yake. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana huko mbele litahitajika.

Miaka yake mitano ya kwanza ilikuwa ya enzi ya chama kimoja, na kazi ya idara yetu ilikuwa nyepesi kuliko inavyoandikwa. Ushuru wa misumari ukipanda, barua ya ukurasa mmoja ilishuka kutoka juu. Ukishuka, barua nyingine ilishuka. Sababu hazikuandikwa, na mwenye busara hakuziuliza. Kisha yakaja mageuzi, vikaja vyama vingi, watu wakapanga foleni tangu alfajiri kupiga kura ya kwanza iliyokuwa na majina zaidi ya moja. Wiki chache baadaye mwalimu mstaafu, mbunge mgeni kabisa, aliingia ofisini kwetu na kitabu cha ushuru kwapani, akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza na kuuliza kwa nini. Alipojibiwa, akafungua wa pili. Wakubwa wetu walitoka jasho. Mzee Ngazi, ambaye wakati huo alikuwa ofisa mdogo aliyeitwa kuleta majalada tu, alifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mwenzake mmoja alipolalamika kwamba mbunge anatupotezea muda, alimjibu hivi: "Watu wamesimama juani siku nzima wakupe kazi, halafu wewe unaona tabu kuwapa sababu?"

Furaha hiyo haikukaa peke yake. Serikali mpya ilikuwa imewaahidi wananchi ajira, na ilikuwa imewaahidi bidhaa za bei nafuu, na haikuwa imewaambia kwamba ahadi hizo mbili hazilali chumba kimoja. Hazina ilikuwa tupu. Wakaja wataalamu wa wakopeshaji, watu wapole wenye mikoba ya ngozi na vitabu vinene, wakashauri milango ya soko ifunguliwe yote, na upesi, maana dunia nzima sasa ilikuwa soko moja. Upande wa pili wakaja wenye viwanda, wakataka milango ifungwe yote, na daima. Kila upande ulisema unawatetea wananchi. Wananchi wenyewe walikuwa dukani wakilinganisha bei.

Ni katika kikao kimoja cha wakati huo ndipo jina lilipopatikana. Mabishano yalikuwa yamefika saa ya chakula, matumbo yananguruma, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno fupi. Ofisa wetu akasimama, ingawa wengine hawakugundua kwamba amesimama, akasema: "Waheshimiwa, tuko ghorofani na nyumba inafuka moshi. Kukaa humu hatuwezi. Lakini kuna ngazi, jamani, kwa nini turuke dirishani?" Alikuwa na karatasi mkononi inayopendekeza ushuru ushuke kidogo kidogo kwa miaka minane, kidato baada ya kidato, kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vingeweza kujirekebisha, na ufutwe mara moja kwa zile ambazo hatuzitengenezi au tunazitengeneza vibaya bila matumaini. Pendekezo lilipita. Jina nalo likapita, na halijamtoka mpaka leo.

Lakini nani apewe ngazi na nani aambiwe aruke? Hapo ndipo mwenzetu alipobuni njia yake ya kufanya kazi, ambayo maofisa wa nchi nyingine wamekuja kuisomea. Alipofika kiwandani hakuanza na meneja. Alianza na mpishi wa kantini, akamuuliza anapakua sahani ngapi za mchana. Meneja wa kiwanda cha sabuni alitutajia wafanyakazi mia saba, akitia chumvi ili ahurumiwe. Mpishi wake alisema mia mbili na sitini, na kati ya hizo kumi na mbili ni za walinzi. Mzee Ngazi akaandika mia mbili na sitini. Meneja alikuja juu, akatishia kwenda kwa waziri. Akaambiwa aende, na akumbuke kumchukua mpishi.

Orodha ya kwanza ilipaswa kufungwa Ijumaa moja saa nne asubuhi. Kanuni ilikuwa moja: bidhaa ambayo ripoti yake haijafika mezani kwa mwenyekiti saa hiyo, ushuru wake unafutwa mara moja. Ilikuwa kanuni kali, na aliiandika yeye, kwa sababu alijua tusipoweka mpaka tutaongezeana muda hadi kiama. Sabuni ilifika. Misumari ilifika. Mabeseni, viatu vya plastiki, viberiti, vyote vilifika. Mablanketi hayakufika.

Ilikuwaje? Faili la mablanketi lilipopita mezani kwake, miezi miwili kabla, alilifunga bila kusoma na kuandika juu ya jalada kwa penseli: "Kaka yangu yumo humu. Silishughulikii, wala nisiulizwe." Akamkabidhi ofisa wa chini yake, mgeni wa mwaka wa pili. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika idara yetu. Katika enzi iliyopita mtu mwenye ndugu kiwandani ndiye aliyekuwa akiligombania faili. Tulimwona kama mtu aliyeshuka kutoka sayari nyingine, na tukamheshimu.

Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Ofisa aliyepewa faili aliwaza hivi: nikipendekeza ngazi, watasema nimembeba kaka wa bosi, nikipendekeza wafutiwe, nimemvunjia bosi nyumba. Akaliweka chini kabisa ya trei, akingoja bosi aulize japo kwa kudokeza tu, ajue upepo unavumia wapi. Na bosi hakuuliza, kwa kuwa alikuwa ameapa kutouliza. Akipita karibu na meza ile aligeuza uso. Wiki nane watu wawili waungwana walikaa chumba kimoja, kila mmoja akimstahi mwenzake, na faili likakaa kimya kama maji mtungini. Ijumaa ile saa nne na robo orodha ilipigwa muhuri.

Kiwanda cha mablanketi kilifungwa baada ya miezi kumi na minne. Mablanketi ya nje yalijaa madukani, laini, mepesi, ya rangi za maua, kwa theluthi ya bei. Haki isemwe: wauguzi wa hospitali ya wilaya walishangilia, maana kwa mara ya kwanza kila kitanda kilipata lake. Kama ngazi ingekiokoa kiwanda, hakuna ajuaye. Mashine zilikuwa za kale. Mzee Ngazi hajawahi kujifariji kwa hilo. Nilipomwambia siku moja kwamba pengine kingekufa tu, alinijibu kwamba mgonjwa naye ana haki ya kuonwa na daktari kabla hajaandikiwa jeneza.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Wenye midomo wakapata la kusema: amemtoa kaka yake kafara ili aonekane msafi, na cheo ndiyo shukrani. Maneno hayo yalivuka reli na kumfikia kaka. Alikuja ofisini mara moja tu, akiwa na sare ya kiwanda kilichokwisha kufungwa, na hakutaka kukaa. Alimuuliza mdogo wake faili lilikuwa wapi. Sote tulisikia jibu, kwa sababu ukuta wa ofisi zile ulikuwa wa mbao: "Lilikuwa chumbani kwangu, kaka. Limechelewa mikononi mwangu. Nisamehe." Kaka aliondoka, na kwa miaka mitatu hakukanyaga nyumba ya mdogo wake.

Jumatatu iliyofuata baada ya ziara hiyo tulikuta ubao mweusi umepigiliwa nyuma ya mlango. Ubao huo bado upo, na wageni huudhania wa shule. Umeandikwa kila faili lililo idarani na jina la mwenye nalo, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi unasomwa kwa sauti, wote tukiwa tumesimama. Ofisa akijiweka kando, faili lake linasomwa mara mbili, na ni lazima mtu wa tatu aseme limefikia wapi. Wapo waliousimanga wakiuita sala ya asubuhi. Kwa miaka ishirini na sita hakuna bidhaa nyingine iliyoanguka kwa sababu ya adabu zetu.

Nisije nikaifanya kazi yake yote ionekane ya huzuni. Nani atasahau safari ya beseni? Tulikuwa tukijadiliana soko la pamoja na majirani zetu, na yeye alipanda ndege akiwa amekumbatia beseni la plastiki la kiwanda chetu, akikataa katakata lipakiwe na mizigo. Mbele ya wajumbe wa nchi tano alilifudikiza sakafuni, akalipanda ili waone uimara wake, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti akamwona sawasawa. Kisha beseni likapasuka. Muhtasari rasmi wa kikao unasema mjumbe wetu "alitoweka mezani kwa muda mfupi". Watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye aliinuka, akajipangusa suruali, akasema: "Basi mmeona wenyewe. Ndiyo maana tunaomba miaka minane, hatuombi daima." Tukapewa. Viwanda vitano vya plastiki viliingia katika muda huo. Vitatu vilikufa. Viwili leo vinauza nje ya mipaka, na beseni mlilonawia mikono mlipoingia ukumbini ni la kimojawapo. Mhasibu wetu, ambaye si mwembamba, amesimama juu yake, na halikupasuka.

Nyumbani ana mke mkunga, shemeji yetu sote, ambaye anasema amezalisha nusu ya walipa kodi wa mji huu na mumewe amewapigia hesabu nusu nyingine. Wana watoto watatu. Binti yao mkubwa ana karakana ya kushona sare za shule na anauza nchi mbili za jirani, kupitia soko lile lile la safari ya beseni. Baba yake hajawahi kuligusa faili lolote la nguo. Ubaoni mafaili ya nguo husomwa mara mbili kila Jumatatu.

Shemeji ndiye aliyenisimulia jinsi ndugu wale wawili walivyoanza kusalimiana tena. Mama yao aliugua, na yale mablanketi ya mistari ya kahawia yalikuwa yamekwisha kuliwa na miaka. Kaka mkubwa alifika na blanketi jipya chini ya mkono, la maua, la kutoka nje, kwa sababu hilo ndilo aliloliweza. Akamkuta mdogo wake ameketi kitandani. Mama alilipapasa blanketi, akasema: "Jepesi hili, lakini joto linalo. Haya, na nyie mnanuniana nini?" Wakatazamana, wakaangua kicheko, fundi mitambo na mtu wa ushuru, huku maua ya ng'ambo yamemfunika mama yao. Tangu siku hiyo wanatembeleana. Kuhusu faili hawakuzungumza tena. Yaliyopita si ndwele, walisema.

Lakini ndwele ile haikugangwa, ilifunikwa. Mwaka jana, katika harusi ya binti mdogo, kaka mkubwa alipewa nafasi ya kutoa nasaha, na kati ya mizaha yake alisema: "Mdogo wangu huyu ni mtu wa haki mpaka anatisha. Mkiona anawapenda sana, jihadharini." Ukumbi mzima ulicheka. Mzee Ngazi naye alicheka, akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa meza ya tatu, na sahani yangu niliirudisha ikiwa imejaa.

Niliirudisha kwa sababu ofisa yule mgeni wa mwaka wa pili, aliyelilaza faili chini ya trei akingoja adokezwe, ni mimi ninayeandika wasifu huu. Yeye hakulichelewesha hata siku moja. Alilikabidhi asubuhi ile ile lilipofika, na mimi nikaliogopa. Kiwanda kilipofungwa nilimtafuta mpishi wa kantini yao, nikamkuta akiuza chai nje ya kituo cha afya, nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mapema. Alisema: "Sahani mia tatu na arobaini, mwanangu. Ungekuja wakati ule ningekuambia." Namba hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu.

Mara tatu nilimwomba Mzee Ngazi ruhusa ya kwenda kwa kaka yake kusema ukweli, na mara tatu alinikatalia. Ya kwanza alisema nina watoto wadogo na kazi changa, na watu wenye hasira walihitaji jina la kulishika. Ya pili alisema faili likilala chumbani kwake, mwenye chumba ndiye wa kulaumiwa. Ya tatu, jioni ile ile ya harusi, hakutoa sababu. Alisema tu kwamba ni amri ya mkuu wa kazi, na kwamba mimi ni mtumishi ninayejua kutii.

Nimetii miaka ishirini na sita. Amri ya mkuu wa kazi humalizika pale anapotia saini makabidhiano, na saini hiyo ameitia saa tisa na nusu. Ndiyo maana karatasi hii imegawiwa saa kumi.

Kwa hiyo, kaka mkubwa, wewe uliyeketi kiti cha mbele na suti yako ya kijivu, nakuomba radhi mbele ya hadhara hii. Mdogo wako hakukutoa kafara. Alijiweka kando ili mtu mwingine akutendee haki, na mtu huyo hakutenda. Kisha akaubeba mzigo wangu mbele yako, akaubeba na cheo juu yake, na hakuutua hata ulipomtania nao. Mtu uliyemsomesha kwa mashine namba sita amekuwa vile ulivyotaka awe, na hasara ya kutolijua hilo umeipata wewe kwa miaka mingi mno. Ukiwa na hasira, nipo hapa mlangoni, karibu na ubao.

Na wewe, Mzee Ngazi, asante. Asante kwa vidato vinane vya miaka minane, kwa mpishi kabla ya meneja, kwa sala ya kila Jumatatu, na kwa kunilinda wakati nilipokuwa sistahili. Katika idara hii hakuna karatasi iliyotoka bila kupita chini ya penseli yako. Hii ndiyo ya kwanza, na najua umeshaona mahali pa kusahihisha. Penseli zako kumi na moja nimezipokea mimi. Moja nimeichonga, nimeiweka kwenye kiti kilicho wazi kando ya kaka yako. Njoo ukae hapo, usahihishe ukipenda, yeye akisoma pamoja nawe. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na miaka mirefu kuliko rafu za masijala.